Korongo la Ol Njorowa: Hadithi za Shetani na Hatari ya Maji

Wageni wengi wanaofika katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, huwauliza waelekezi swali moja kabla ya mengine: shetani anakaa wapi? Huulizwa kwa utani, ila jina la mahali ndilo linalolialika. Hell's Gate maana yake ni Lango la Jehanamu, na ndani ya korongo la Ol Njorowa zipo sehemu zilizobandikwa majina ya ukoo huohuo, kikiwemo chumba cha kulala cha Ibilisi. Anayeshuka humo hukuta kuta za miamba zikikaribiana hadi anga inabaki kama utepe juu ya kichwa, maji ya moto yakichuruzika kutoka mwambani na sauti zikirudi kwa mwangwi. Si ajabu watu wakatoka na hadithi.

Jina hilo halikutoka kwa wenyeji. Lilitokana na wasafiri wawili wa Kizungu waliopita hapa mwaka wa 1883, Mjerumani Gustav Fischer na Mskoti Joseph Thomson. Walichokiita lango ni ule mwanya mwembamba kati ya magenge, ambao zamani za kale ulikuwa njia ya kutokea maji ya ziwa kubwa kuliko Naivasha ya leo. Maji ya moto na mvuke navyo vina sababu yake: chini ya eneo hili mwamba ungali na joto la volkano. Joto hilohilo limekuwa likizalisha umeme Olkaria tangu mwaka wa 1981.

Hadithi inayosimuliwa zaidi inahusu nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 25 hivi, iliyopewa jina la Fischer, iliyo karibu na barabara inayotoka Lango la Elsa. Kwa masimulizi ya Wamaasai, nguzo hiyo ni binti aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa. Alikatazwa kutazama nyuma, lakini moyo ukamshinda, akageuka aone nyumbani kwao mara ya mwisho. Akawa jiwe. Wataalamu wa miamba husema ni uji wa volkano ulioganda, na mwamba laini uliouzunguka ukaliwa na mvua na upepo. Leo wapangaji wake ni pimbi, na mgeni aliyekodi baiskeli anaweza kusimama hapo na kusikia masimulizi yote mawili bila kulazimika kuchagua.

Pale hadithi inapogeuka kuwa hatari ni inapohusishwa na vifo. Mnamo Aprili 2012 vijana wa kikundi cha kanisa waliokuwa wakitembea ndani ya korongo walisombwa na mafuriko ya ghafla, na saba wakafariki. Mnamo Septemba 2019 kundi jingine lilikumbwa vivyo hivyo, na watu saba wakapoteza maisha. Idadi kufanana mara mbili kunatosha kumfanya mtu aseme korongo lina mwenyewe. Lakini chanzo kinajulikana, na kinaweza kurudi siku yoyote.

Udongo wa nyanda zinazoizunguka mbuga una majivu mengi ya volkano, na miteremko ni mikali. Mvua kubwa ikinyesha huko, maji mengi hayapati muda wa kuzama ardhini. Hukimbilia kwenye vijito vilivyokuwa vikavu asubuhi, na vijito hivyo humwaga kwenye korongo moja jembamba. Maji ambayo uwandani yangefika kwenye kifundo cha mguu, humo hupanda kupita kichwa cha mtu, tena kwa dakika chache. Zile kuta laini zenye mikunjo ambazo wageni hupenda kupigia picha zililainishwa na maji hayohayo.

Kwa sababu hiyo jua likiwaka juu ya korongo halimaanishi usalama. Mvua inayoua huwa imenyesha kwingine. Kalenda nayo haitoshi kumlinda mtu: mkasa wa 2019 ulitokea Septemba, nje ya msimu wa mvua za masika.

Wakazi na wageni wanashauriwa kutoshuka korongoni bila mwelekezi, na kumuuliza mambo mawili kabla ya kuanza safari: hali ya mawingu upande wa juu, na mahali pa kupandia kutoka nje. Wakiwa ndani, maji yakibadilika rangi kuwa ya tope, yakiongezeka ghafla, au ukisikika mngurumo kutoka upande wa juu, watu wapande mara moja hadi mahali pa juu palipo karibu. Wasikimbie kufuata korongo kuelekea chini, kwani maji yatawafikia. Wasirudi kuchukua mikoba wala simu.

Askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wakifunga korongo, uamuzi huo usijadiliwe langoni. Sehemu nyingine za mbuga, zenye pundamilia, twiga na nyati, hutembelewa kwa baiskeli au kwa miguu bila kuingia korongoni. Wakati wa dharura piga 999 au 112.