Pran: Mbaya wa Picha Aliyekuwa na Imani

Wapenzi wa picha za Kihindi hapa Pwani tulikuwa na desturi moja. Stelingi tulimpigia makofi, nyimbo zake tukatoka nazo mdomoni, na mbaya wa picha tukamlaani mpaka taa ziwashwe. Leo nataka kumtetea huyo aliyelaaniwa. Namkusudia Pran, mtu aliyetutia hofu na hasira kwa miaka mingi, na ambaye mimi naona alitufunza jambo kubwa kuliko mastelingi wengi.

Jina lake kamili ni Pran Krishan Sikand. Alizaliwa Delhi tarehe 12 Februari, 1920. Kazi aliyojifunza ujanani ilikuwa ya kupiga picha za kamera, wala hakuwa na nia ya kucheza sinema. Alikuwa Lahore siku aliposimama dukani kwa muuza tambuu, akaonwa na Wali Mohammad Wali, mwandishi wa hadithi za sinema. Yule bwana alimtazama kijana anavyosimama na anavyotafuna tambuu yake, akaona amempata mtu wake. Mwaka 1940 Pran akatokea katika Yamla Jat, picha ya Kipunjabi, na tangu hapo alikuwa mbaya.

Mwaka 1942 alijaribiwa kuwa stelingi katika Khandaan, pamoja na Noor Jehan. Picha ilipendwa sana, lakini kuimba na kuzunguka miti akimfuata binti hakukumvutia. Kisha ukaja mwaka 1947, India ikagawanywa, na jina alilojijengea Lahore likabaki Lahore. Bombay alifika kama mtu mgeni, akakaa miezi bila kazi. Kwa msaada wa marafiki, akiwamo mwandishi Saadat Hasan Manto, akapata nafasi katika Ziddi, iliyotoka mwaka 1948. Ikawa mwanzo wa pili.

Sasa tuutazame ufundi wake. Pran hakutegemea kelele. Kila mtu aliyemwigiza alimtafutia nywele zake, ndevu zake, sauti yake na jambo dogo la kumtambulisha. Katika Badi Bahen, mwaka 1949, alipuliza moshi wa sigara ukatoka pete pete, na watu wakaujua ubaya wake kabla hajasema neno. Katika Jis Desh Mein Ganga Behti Hai, mwaka 1960, alikuwa Raka, jambazi wa msituni, na kila mara alipitisha kidole shingoni, kama mtu ambaye tayari anausikia ugumu wa kitanzi. Kidole kimoja tu, lakini kilieleza maisha mazima ya mtu anayejua mwisho wake.

Mwaka 1956 alimwigiza Hulagu katika Halaku, yule Mmongoli aliyeiangamiza Baghdad mwaka 1258. Kwa sisi tuliosomeshwa habari za msiba ule, hapakuhitajika maelezo. Binti katika picha hiyo alikuwa Meena Kumari, na jina hilo msomaji alishike, maana nitalirudia.

Chuki ya watu ilikuwa ya kweli. Inasimuliwa kwamba wazazi wa India waliacha kabisa kuwaita watoto wao Pran, ingawa maana ya neno hilo ni pumzi ya uhai. Watengenezaji wa picha nao walijua thamani yake. Majina ya wachezaji yalipopita, lake liliwekwa mwisho, peke yake, baada ya neno “na”.

Mwaka 1967 ndio uliowachanganya watazamaji. Katika Ram Aur Shyam, Pran alimchapa Dilip Kumar kwa mjeledi mpaka watu wakatamani kupanda jukwaani. Mwaka huohuo Manoj Kumar akampa nafasi katika Upkar, awe Malang Chacha, kilema wa magongo mwenye ulimi mkali na moyo safi. Watu walewale waliomlaani wakamlilia. Miaka sita baadaye, katika Zanjeer, akawa Sher Khan, Mpathani mwenye nyumba ya kamari, anayepigana na inspekta kijana kisha akaiacha kamari na kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Inspekta huyo alikuwa Amitabh Bachchan, ambaye wakati ule picha zake nyingi zilikuwa zimeanguka. Pran alikuwa miongoni mwa waliomsemea apewe kazi hiyo.

Lakini si kwa Sher Khan ninapomtolea ushahidi wangu. Katika tuzo za Filmfare za picha za mwaka 1972, Pran alichaguliwa mchezaji msaidizi bora kwa picha iitwayo Be-Imaan, yaani mtu asiye na imani. Tuzo ya muziki ilikwenda kwa picha hiyohiyo. Mwaka ule ndio iliotoka Pakeezah, ya Meena Kumari, na nyimbo zake zilitungwa na Ghulam Mohammed, ambaye alifariki mwaka 1968, kabla picha haijakamilika. Pran aliona mwenye haki ni Ghulam Mohammed. Akaikataa tuzo yake mwenyewe.

Tulipime tendo hilo. Marehemu hakuweza kumshukuru wala kumlipa. Kunyamaza kungempa Pran zawadi bila lawama ya mtu yeyote, na waliotunga nyimbo za Be-Imaan walikuwa mafundi wakubwa. Hata hivyo alisimamia haki ya maiti. Sisi tunaofundishwa kwamba haki ya mtu haifi pamoja naye, tulipaswa kumwelewa mapema.

Alicheza katika picha zaidi ya 350. Serikali ya India ilimpa Padma Bhushan mwaka 2001, na tuzo ya Dadasaheb Phalke, iliyo kubwa kupita zote katika sinema ya huko, alipelekewa nyumbani mwaka 2013 kwa kuwa hali yake haikumruhusu kusafiri. Alifariki Mumbai tarehe 12 Julai mwaka huo, akiwa na miaka 93.

Wako wanaosema picha hizi ni mchezo tu, na kwamba mbaya ni mbaya. Mimi nasema nguo za mchezaji hurudishwa sandukuni jioni. Kinachobaki ni alivyofanya alipokuwa amevaa zake mwenyewe.