Hofu na Hesabu Katika Karatasi ya Kura

Kura hupigwa na mtu mwenye mapenzi, hofu na kinyongo, na mtu huyohuyo ana watoto wa kusomesha na anajua vizuri bei ya unga. Wanazuoni wa siasa wamevutana kwa miongo mingi kuhusu kinachomwongoza. Mwaka 1957 Mmarekani Anthony Downs alimweleza mpiga kura kama mtu anayepima faida na kuchagua chama atakachonufaika nacho zaidi. Hesabu hiyo ilimfikisha pagumu. Kura moja kati ya mamilioni ni nadra sana kuamua mshindi, kwa hiyo anayetafuta faida tu asingesimama foleni saa nyingi wala kupoteza jioni zake akisoma ilani za vyama. Hata hivyo watu hupanga foleni, wengine tangu alfajiri.

Mwaka 1960 Angus Campbell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuja na jibu jingine. Waligundua kwamba Wamarekani wengi walikuwa na chama chao tangu ujanani, mara nyingi kwa kukirithi kwa wazazi, na wakayatazama mambo mengine ya siasa kupitia chama hicho.

Majibu yote mawili yanachukulia kwamba hisia na akili ni mahasimu. Daktari wa neva Antonio Damasio alitilia shaka dhana hiyo mwaka 1994. Alieleza habari za wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo: walifaulu vipimo vya akili, ila hisia zao zilikuwa zimefifia, na wakashindwa kuamua hata mambo madogo kama tarehe ya kurudi kwa daktari. Asiyejali chochote hana cha kupimia sera. Afadhali basi kuuliza ni hisia gani iliyoamshwa, na katika mazingira gani.

Kenya inalionyesha jambo hili vizuri kuliko nadharia yoyote. Desemba 2002, wagombea wakuu wa urais, Mwai Kibaki wa Narc na Uhuru Kenyatta wa Kanu, wote walikuwa Wakikuyu. Hofu ya kabila moja kulishinda jingine ikapungua, na yakabaki mambo mengine ya kupimwa: ufisadi, uchumi uliodorora, ahadi ya elimu ya msingi bila malipo. Kibaki alipata takriban asilimia 62, na Kanu ikaondoka madarakani kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Mwaka 2007 Kibaki alipambana na Raila Odinga, Mjaluo aliyemnadi mwaka 2002 kwa maneno “Kibaki tosha”. Nchi ikagawanyika kwa makabila, na ghasia zilizofuata matokeo ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafurusha zaidi ya 600,000 makwao.

Wakenya hawakupoteza akili katika miaka hiyo mitano. Michael Bratton na Mwangi Kimenyi, waliochambua maoni yaliyokusanywa kabla ya uchaguzi wa 2007, walikuta kwamba wengi hawakupenda kujitambulisha kwa kabila, lakini waliamini kwamba wengine wangepiga kura kikabila. Kura yao ikawa ya kujikinga. Na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Robin Burgess na wenzake walifuatilia ujenzi wa barabara nchini humo kuanzia 1963 hadi 2011, wakaona kwamba wilaya zenye watu wengi wa kabila la rais zilipata fedha za barabara mara mbili, na urefu wa lami mara tano, kuliko zilivyostahili kwa idadi ya watu wake. Upendeleo huo ulitoweka katika vipindi vya vyama vingi, ila kumbukumbu yake haikufutika. Anayemchagua “mtu wetu” huwa amepiga hesabu, ingawa huenda hesabu yenyewe imepitwa na wakati.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na sasa mpiga kura hupewa karatasi sita siku moja. Katika kaunti zenye kabila moja kubwa, wanaogombea ugavana kwa kawaida wote ni wa kabila hilo, hivyo kabila halitoshi kuwatofautisha. Hospitali isiyo na dawa na barabara iliyoachwa nusu hupata nafasi ya kusemwa. Mwaka 2017 magavana wengi wa kwanza walibwagwa. Huko Meru, Peter Munya alishindwa na Kiraitu Murungi, wote wakiwa Wameru na wote wakimuunga mkono Uhuru Kenyatta katika kinyang'anyiro cha urais. Hata ndani ya Meru mipaka haikukosekana: Munya anatoka Tigania na Murungi anatoka Imenti, na wapo waliochagua kwa kuangalia hilo kabla ya rekodi ya kazi.