Kemia ya Plastiki Ianze na Nyavu Kuukuu

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, iliondoa kero moja wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na kuacha nyingine nyingi. Kuanzia Ngonga hadi Matema bado kuna viroba vya mchele vilivyochanika, pakiti za sabuni na biskuti, ndoo zilizopasuka, na nyavu kuukuu za wavuvi wa usipa na mbasa. Chupa za maji huokotwa pale zinapokuwa na mnunuzi. Vingine huchomwa nyuma ya nyumba au husombwa na mafuriko mpaka ziwani. Ndiyo maana urejelezaji wa kikemikali, yaani kuivunja plastiki irudi kuwa malighafi iliyoizaa, unavutia sana. Hoja yangu ni kwamba ufundi huu unaweza kuwafaa watu wa mwambao huu, ila uanze na taka ya aina moja, nyavu za nailoni. Lundo lililochanganyika hautaliweza.

Sababu imo ndani ya plastiki zenyewe. Kila plastiki ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoungana, lakini viungo havifanani. Kiroba hufumwa kwa polipropilini, ambayo uti wake ni kaboni iliyoshikana na kaboni. Kuukata kwa joto pekee huhitaji nyuzi 400 hadi 600 za Selsiasi bila hewa, nao hukatika ovyo na kutoa mchanganyiko wa mafuta, gesi na nta. Nailoni 6, inayotumika sana kutengenezea nyavu, imejengwa kwa molekuli ya aina moja tu, kaprolaktamu, na viungo vyake hukubali kufunguka pale pale vilipofungwa. Mvuke na kichocheo, kwenye joto la karibu nyuzi 300, huirudisha kuwa kaprolaktamu. Ikishasafishwa, haina tofauti na ile inayotokana na mafuta ghafi. Jambo hili limeshavuka maabara: kampuni ya Aquafil ya Italia inalifanya kiwandani Ljubljana, Slovenia, tangu 2011, kwa kutumia nyavu chakavu na mazulia.

Wapo watakaouliza kwa nini tusinunue mtambo mmoja wa kugeuza taka zote kuwa dizeli. Swali ni la haki, kwa kuwa mafuta ni ghali. Lakini plastiki ya PVC ikipashwa moto hutoa asidi inayokula chuma cha mtambo, chupa za PET huacha unga unaoziba mabomba, na pakiti nyingi zina utando wa alumini katikati. Mafuta yanayopatikana huhitaji kusafishwa, na yakichomwa kaboni yote huishia hewani. Hakuna plastiki iliyorejelezwa hapo. Viroba na ndoo safi havihitaji kemia hata kidogo, kwani polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi na kufinyangwa upya kwa gharama ndogo. Pakiti za tabaka nyingi nazo ni mzigo wa aliyezibuni, na dawa yake ni kubadilisha kifungashio.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kiwanda kiko mbali na nyavu ni chache. Ni kweli, kiwanda cha aina hii hakitajengwa Kyela. Hata hivyo nailoni haiozi, hivyo inaweza kukusanywa taratibu na kufungwa marobota. Malawi na Msumbiji zinatumia ziwa hilo hilo, hivyo nyavu zao zinaweza kuongezwa. Na barabara ya Mbeya inafika bandari ya Dar es Salaam. Kazi ngumu ni kuchambua. Wavu huja na chubwi za risasi, maboya na kamba za polipropilini. Beseni la maji husaidia: kipande cha kamba huelea, cha nailoni huzama. Lakini poliesta nayo huzama, kwa hiyo vyandarua na nyavu za aina nyingine visichanganywe tangu siku ya kupokelewa. Kazi hiyo ina gharama, na si haki kumtwisha mvuvi peke yake. Sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 imewapa wazalishaji wajibu juu ya bidhaa zao hata zikishakuwa taka. Tanzania ingeweza kuweka amana katika bei ya wavu mpya, mvuvi arudishiwe anapokabidhi wa zamani kwa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, BMU.

Itasemwa kwamba nyavu ni sehemu ndogo ya taka. Kwa uzito, ndiyo. Kwa madhara, wavu uliopotea ziwani huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala, mbasa wakiwemo. Basi halmashauri ikiletewa mtambo wowote wa kubadili plastiki, iulize kwanza: unapokea plastiki gani, nani atachambua, na nani amekwisha kuahidi kununua kinachotoka? Kwa nailoni 6 majibu yanaweza kupatikana. Kwa taka iliyochanganyika, tusitoe fedha ya umma kabla hayajapatikana.