Mwalimu Si Mpiga Ramli

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Kiswahili na kusimamia chama cha uigizaji katika shule moja ya upili, nilikuwa na desturi ya kuwachuja wanafunzi kwa haraka. Tamasha za drama zilikuwa zimekaribia, siku zilikuwa chache, na waliotaka kupanda jukwaani walikuwa wengi. Jioni moja akaja msichana wa kidato cha pili. Sauti ilimtetemeka, macho ameyainamisha sakafuni, mikono haijui pa kukaa. Sikumwacha afike mstari wa tatu. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba sauti yake ni ya kuku aliyenyeshewa, na kwamba jukwaa si mahali pake. Wenzake waliangua kicheko. Nami, Mola anisamehe, nilifurahi kuwa nimewachekesha.

Kisa hicho nilikisahau kabla ya jua kutua. Aliyenikumbusha nitamtaja baadaye. Kwanza ningependa wasomaji wangu, hasa walimu wenzangu na wale wanaosomea ualimu, tutazame maisha ya mwigizaji mmoja wa Kimarekani ambaye naye alihukumiwa mapema.

Lucille Ball alizaliwa tarehe 6 Agosti 1911 katika mji wa Jamestown, jimbo la New York. Baba yake alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1915, binti akiwa hajatimiza miaka minne. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, mama yake alimpeleka katika shule ya uigizaji ya John Murray Anderson jijini New York. Nyota wa shule hiyo wakati huo alikuwa Bette Davis, ambaye baadaye alishinda tuzo ya Oscar mara mbili. Lucille alikuwa mtu wa haya. Mbele ya walimu ulimi ulimganda. Haukupita muda mrefu mama yake akaarifiwa kwamba anapoteza fedha zake bure. Binti akarudi nyumbani. Alipokuwa mtu mzima, alisimulia kwamba alichojifunza katika shule ile ni kuogopa tu.

Tusiwalaumu walimu wale kupita kiasi. Kuhusu Bette Davis hawakukosea, na huenda hata kuhusu Lucille walieleza kwa haki walichokiona: msichana aliyeshindwa kufumbua kinywa. Kosa lao lilikuwa kuichukua hali ya siku ile na kuifanya utabiri wa maisha yake yote. Ni kosa jepesi kutenda, nasi tulitendapo huliita uzoefu.

Yaliyofuata hayakuwa mteremko. Lucille alirudi New York akawa mwanamitindo wa mbunifu wa mavazi Hattie Carnegie. Ugonjwa wa viungo ukamrudisha kwao kwa kipindi kirefu, akapona, akaanza upya. Mwaka 1933 alikwenda Hollywood kuwa mmoja wa wasichana wa kuipamba filamu iitwayo Roman Scandals. Kazi yao ilikuwa kusimama, kupendeza na kunyamaza. Mwaka 1934 alicheza katika filamu fupi ya wachekeshaji walioitwa Three Stooges. Mwaka 1937 alipata nafasi katika Stage Door, pamoja na Katharine Hepburn na Ginger Rogers. Filamu zikafuatana, nyingi zikiwa za gharama ndogo, hata akabandikwa jina la malkia wa filamu za daraja la pili. Alijulikana, ila hakuna aliyejua hasa amweke wapi.

Hapa ndipo wanapoingia walimu wa aina nyingine. Katika miaka ya 1940, alipokuwa akifanya kazi na kampuni ya MGM, alikutana na Buster Keaton. Huyu alikuwa gwiji wa vichekesho vya filamu zisizo na sauti, lakini enzi yake ilikuwa imepita, naye sasa aliajiriwa kubuni vichekesho vya wengine. Keaton hakumuuliza Lucille kama ana kipawa. Alimfundisha kazi: namna ya kuvitumia vifaa vya mchezo, na kuhakikisha kwa mkono wake mwenyewe kwamba kila kifaa ni kizima na kipo mahali pake kabla ya kuanza.

Mwaka 1948 Lucille akaanza kipindi cha redio kiitwacho My Favorite Husband, kilichorekodiwa mbele ya hadhira. Mtayarishaji wake, Jess Oppenheimer, alipoona anaisoma karatasi tu, alimtuma akamtazame mchekeshaji Jack Benny namna anavyoshirikiana na watu waliokaa mbele yake. Lucille akaenda, akaona, akabadilika. Yule aliyeganda mbele ya walimu wenye kalamu akafunguka mbele ya watu waliokuwa tayari kucheka pamoja naye.

Tarehe 15 Oktoba 1951 kipindi cha I Love Lucy kilionyeshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Tangu aondoke katika shule ile ilikuwa imepita miaka 25, naye alikuwa na umri wa miaka 40. Waliolelewa na Vitimbi hapa kwetu wanajua kwamba kumchekesha mtu si jambo la mzaha. Katika sehemu moja ya mwaka 1952, Lucy na rafiki yake wameajiriwa katika kiwanda cha chokoleti, na mtambo unaziendesha chokoleti kwa kasi kuliko wanavyoweza kuzifunga. Wanazificha kofiani, kifuani na mdomoni. Hofu yote ya mtu asiyeiweza kazi yake imo usoni mwa Lucille, na ndiyo inayotuvunja mbavu. Tarehe 19 Januari 1953, Lucy wa kipindini alipojifungua, Wamarekani wapatao milioni 44 walitazama. Mwaka 1962 Lucille akawa mkuu wa kampuni ya Desilu, mwanamke wa kwanza kuongoza studio kubwa ya aina hiyo. Alifariki mwaka 1989.

Labda msomaji atauliza: je, kila anayekataliwa ni Lucille? La hasha. Wengi wanaochujwa jukwaani watakuwa wakulima, makarani na wauguzi, na hakuna aibu hapo. Mwalimu ana haki, na wajibu pia, wa kusema kazi hii haijafikia kiwango. Lakini kati ya "haijafikia" na "haitafikia" pana bonde kubwa, na mwalimu hakupewa daraja la kulivukia. La kwanza ni tathmini; la pili ni ramli.

Nalisema hili kwa sababu mtaala wa umilisi, ulioanza kwa majaribio nchini mwaka 2017, unamtaka mtoto amalizapo Gredi ya 9 aelekee mkondo mmoja kati ya mitatu: wa sayansi na teknolojia, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Umri wake wakati huo ni kama ule wa Lucille alipoandikiwa barua ya kumrudisha nyumbani. Neno la mwalimu lina uzito mkubwa katika uchaguzi huo. Tulipime.

Sasa nimalizie deni langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa sokoni nikitafuta koti la mitumba. Mama mmoja muuzaji alinitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Yule kuku aliyenyeshewa amekauka." Sikumwelewa. Ndipo akawasimulia wateja wake kisa chote: sauti yangu, miwani yangu, kidole changu nilivyokiinua. Aliniigiza vizuri mno. Alijua pa kunyamaza, alijua pa kugeuza jicho. Watu wote walicheka, nami nikacheka nao hadi machozi yakanitoka.

Nilinunua koti bila kuomba kupunguziwa bei. Njiani nilikumbuka kwamba mwaka ule tamasha zilipofika, mchezo wetu ulikuwa wa vichekesho, na hadhira haikucheka.