Kunasa mwendo kwa simu: kwa nini mguu wa katuni unateleza?

Msikilizaji wetu wa Maisaka, mjini Babati, anatengeneza katuni ya msichana mkimbiaji. Alimrekodi mdogo wake akikimbia uwanjani kwa simu mbili, kisha akaiachia programu isome viungo vyake na kuvihamishia kwa mhusika wa katuni. Msichana wa katuni anakimbia vizuri kuanzia kiunoni kwenda juu, lakini miguu inateleza kama ya mtu aliyeingia kwenye tope. Ametuuliza: kosa ni la kamera au la programu?

Mara nyingi huanzia kwenye kamera. Katika studio kubwa za filamu mwigizaji huvaa nguo ya kubana yenye vitufe vinavyoakisi mwanga, na kamera nyingi humzunguka. Kompyuta hujua kitufe kiko wapi pale tu kinapoonekana na kamera zisizopungua mbili kwa wakati mmoja. Kwa simu ni vivyo hivyo, ila hakuna vitufe: programu inakisia goti liko wapi na nyonga iko wapi.

Kwa hiyo usiziweke simu zote upande mmoja, kwa sababu mguu wa upande wa pili utafichika na programu itabuni. Weka moja ubavuni na nyingine mbele kwa mshazari, zote juu ya stendi, na usiziguse tena; ikisogea moja, vipimo vimeharibika. Mkimbiaji apige kofi moja kabla ya kuanza, ili picha ya viganja vikikutana ikusaidie kuoanisha video mbili. Na avae nguo ya kubana. Kanga ni vazi zuri, lakini hakuna programu inayoona goti ndani ya kanga.

Kisha kasi ya kurekodi. Kwa picha 30 kwa sekunde, kila picha iko mbali na inayofuata kwa takriban milisekunde 33. Mguu wa mkimbiaji hukaa chini kama robo sekunde tu, na namna unavyotua huweza kupita katikati ya picha mbili bila kunaswa. Simu nyingi zina rekodi ya mwendo wa polepole, picha 120 au 240 kwa sekunde. Tumia hiyo, mchana, penye mwanga wa kutosha.

Kusafisha data kunataka mpangilio. Anza na viungo vilivyobadilishana, mguu wa kushoto ukiitwa wa kulia. Halafu jaza mapengo mafupi. Pengo refu ni afadhali urekodi upya. Kulainisha mitetemo kuje mwisho, na kwa kiasi. Wengi huanza na kulainisha, na hapo ndipo kosa dogo husambaa kwenye picha za jirani. Utelezi wenyewe huondolewa kwa kutafuta picha ambayo mguu unagusa ardhi na ile unaponyanyuka, kisha kuufunga mahali pamoja kati ya hizo mbili. Programu ya bure kama Blender inatosha.

Lakini unaufunga ukiwa umetuaje? Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa 2010 uliona kuwa waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutanguliza sehemu ya mbele ya wayo. Mwaka 2014 watafiti, akiwemo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya kuwarekodi kwa video ya kasi Wahadzabe, ambao baadhi yao ni wa bonde la Yaeda hapa mkoani kwetu. Walikimbia watu wazima 26 na watoto 14. Karibu asilimia 87 ya wanaume walitua kwa kisigino na mbele ya wayo kwa pamoja. Wanawake kama asilimia 91, na watoto 86, walitanguliza kisigino. Hakuna hata mmoja aliyetanguliza sehemu ya mbele. Watafiti walidhani huenda ni uzoefu wa wanaume wa kukimbia.

Tofauti hiyo yote imo katika muda mfupi mno, na ndiyo ya kwanza kupotea ukilainisha kupita kiasi. Tungemshauri msikilizaji wetu arudi kwenye video ya mdogo wake, aipeleke picha moja moja hadi wayo unapogusa chini, aandike kilichotangulia, ndipo aufunge mguu wa katuni.