Sakafu Ikizama, Si Kosa la Mwenye Toroli



Katika viwanda vingi sakafu ya zege humwagwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande huachwa mwanya. Siku ya kwanza vyote viko sawa. Baada ya miaka kimoja kinashuka upande mmoja, na pale penye mwanya panatokea ngazi ya vidole viwili. Msimamizi haioni, kwa sababu hapiti pale na mzigo. Anayeiona ni mwenye toroli. Gurudumu linagonga, gunia linaanguka, na yeye ndiye anayeulizwa mbona hakuwa mwangalifu. Na foklifti iliyoinua mzigo juu ikigonga ngazi hiyo hiyo, yaweza kupinduka na kumwua dereva wake.

Leo tunaeleza kwa nini sakafu huzama, na namna ya kuziinua kwa povu bila kuzivunja. Tunaeleza pia mambo ambayo kila tawi la chama linapaswa kuyajua kabla mafundi hawajafungua mapipa yao.

ZEGE HALIZAMI LENYEWE

Kinachoshuka si zege bali udongo ulio chini yake. Pengine udongo wa kujazia haukushindiliwa vizuri wakati wa ujenzi, kwa haraka ya kumaliza kazi. Pengine ni udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Lakini adui mkubwa ni maji: bomba linalovuja, mfereji uliopasuka, maji ya paa yanayomwagika kando ya ukuta. Maji huchukua udongo kidogo kidogo mpaka chini ya zege panakuwa na pango. Viwanda vinavyotumia maji mengi, kama vile vya kuoshea kahawa, vina hatari hiyo kila siku.

Kuna njia rahisi ya kujua. Igonge sakafu kwa nyundo. Palipo na udongo mlio ni mzito. Palipo na pango sakafu hulia kama debe tupu.

KUTOKA TOPE HADI POVU

Njia ya zamani ni kuvunja kipande chote, kuzoa kifusi na kumwaga zege jipya. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na zege jipya huhesabiwa kuwa limekomaa baada ya siku 28. Katika miaka ya 1930 mafundi wa barabara wa Marekani walianza kutoboa matundu kwenye zege na kusukuma tope la udongo na saruji chini yake kwa pampu, mpaka zege likapanda. Njia hiyo ingali inatumika. Kasoro yake ni kwamba tope lina uzito mkubwa, nalo linabebeshwa udongo ule ule ulioshindwa kubeba.

Povu lina uzito mdogo sana. Asili yake ni poliyurethani, iliyogunduliwa mwaka 1937 na mkemia Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani. Katika miaka ya 1970 mafundi wa Finland walianza kuitumia kuinua zege, na kutoka huko kazi hiyo ilienea Ulaya, Marekani na Australia. Mita moja ya ujazo ya povu hilo kwa kawaida haifiki kilo 100, wakati tope la kiasi hicho hupita kilo 1,500.

Kazi yenyewe ni hivi. Fundi hutoboa matundu membamba, upana wa milimita 16 hivi. Kemikali mbili za maji hutoka katika mapipa mawili, hupashwa moto katika mipira mirefu, na hukutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia. Zikikutana huumuka kwa sekunde chache, kama unga wa maandazi, ila kwa nguvu zaidi. Povu hujaza pango kwanza, kisha huanza kusukuma juu. Fundi mwingine hutazama kipimo na kusema “simama” kwa milimita, kwa maana zege likipanda kupita kiasi ni shida kulirudisha. Matundu huzibwa kwa saruji, na baada ya saa moja hivi magari yaweza kupita.

Huenda msomaji akauliza: povu litainuaje zege? Tupige hesabu. Kipande cha mita 3 kwa 3, chenye unene wa sentimita 15, kina uzito wa zaidi ya tani 3. Lakini uzito huo umetandazwa. Kila sentimita moja ya mraba hubeba gramu 36 tu, kiasi kidogo kuliko kinachobebwa na nyayo za mtu aliyesimama. Povu husukuma eneo lote kwa pamoja, na hiyo ndiyo siri yake.

Hata hivyo povu lina mipaka. Zege lililopasuka vipande vidogo haliinuki vizuri. Na bomba likiachwa livuje, maji yatachukua udongo ulio chini ya povu, na sakafu itazama tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa wa kuzibwa kwanza ni ule wa bomba.

KATIKA PIPA MNA NINI?

Pipa moja kati ya yale mawili lina kemikali ya jamii ya isosayanati. Povu likishakuwa gumu hatari hiyo hupungua sana, lakini wakati wa kazi mvuke na matone yake huingia mapafuni. Kemikali za jamii hii zinajulikana duniani kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya pumu ya kazini. Ubaya wake ni huu: mtu aweza kufanya kazi miezi mingi bila dalili, kisha mwili ukaanza kuikataa. Tangu hapo hata kiasi kidogo sana chaweza kumziba pumzi. Wala usingoje harufu ikuonye, kwani aweza kudhurika kabla hajanusa chochote. Mwaka 2003, katika jimbo la Michigan huko Marekani, mtu aliyekuwa akipulizia kemikali ya jamii hii ndani ya gari alifariki kwa pumu.

Kuna hatari nyingine. Povu likisukumwa kwa wingi mahali pamoja hupata joto kali na laweza kuwaka, na moshi wake ni sumu. Vumbi la kutoboa zege lina silika, ambayo huharibu mapafu pole pole.

Kitambaa cha kufunga puani hakizuii mvuke. Panatakiwa barakoa yenye vichujio vya kemikali, miwani, glavu na nguo za kufunika mwili. Wasiohusika na kazi hiyo waondolewe, na milango ifunguliwe.

HAKI SI HISANI

Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kwamba kuanzia tarehe 24 Agosti 2023 hakuna mtu atakayetumia kemikali hizi kazini bila kufunzwa kwanza, isipokuwa zikiwa kiasi kidogo mno katika mchanganyiko. Mapafu ya mfanyakazi wa Ulaya hayana tofauti na yetu.

Tena upo Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, uliopitishwa mwaka 1981. Unasema mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa ya papo hapo asiadhibiwe. Unasema pia hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo bei ya glavu na barakoa isikatwe katika mshahara. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa kati ya mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inawajibika kuheshimu kanuni zake hata kama haijauridhia.

MASWALI YA KUPELEKA KWA MWAJIRI

Mjumbe wa tawi aitishe kamati ya usalama na kuuliza:

1. Chanzo cha kuzama ni nini, na je, maji yamezuiwa?
2. Ndani ya mapipa mna kemikali gani, na karatasi ya maelezo yake iko wapi, katika lugha tunayoisoma?
3. Watakaoshika bunduki na kutoboa wamefunzwa na nani?
4. Vifaa vya kujikinga vipo vya kuwatosha wote, vibarua wakiwamo?
5. Nani atawapima mapafu kabla ya kazi na baada yake?

Wakati mnangoja majibu, pakeni rangi kila ngazi iliyotokea sakafuni, ipimeni, na muandike kipimo pamoja na tarehe katika daftari la tawi. Siku gunia litakapoanguka na mwenzenu akaitwa ofisini, mjumbe aingie naye, na daftari hilo mkononi.