TONALITI: SHERIA YA MAUMBILE AU SARUFI YA JAMII?

Utangulizi
Mwanafunzi wa Kiswahili akutanapo na neno 'toni' hukumbuka fonolojia: kiwango cha sauti kinachobainisha maana katika lugha kama Kikuyu, sifa ambayo Kiswahili Sanifu hakina kwa kuwa hutegemea mkazo. Katika nadharia ya muziki wa Magharibi ipo dhana nyingine, tonaliti, inayohusu namna noti zinavyohusiana na kitovu kimoja. Makala haya yanadhamiria kuifafanua dhana hiyo na kuonyesha kwamba swali kuu katika uchunguzi wake linawagusa wanaisimu pia: je, kanuni tuzionazo ni za maumbile au za jamii?

Maana ya Tonaliti
Yeyote aliyewahi kuimba kwaya kwa kufuata do, re, mi anaifahamu tonaliti hata kama hajui jina lake. Mwalimu akiimbisha kutoka do hadi ti kisha akanyamaza, wanakwaya huhisi kwamba jambo halijakamilika. Sikio linadai do ya juu. Do ndiyo kitovu, yaani toniki. So, noti ya tano, huitwa dominanti. Mseto wa noti tatu uliojengwa juu yake, yaani so, ti na re, huvuta kuelekea kwenye toniki. Wimbo ukikomea hapo huwa kama sentensi iliyokatizwa kwenye kiunganishi.

Mjadala wa Wananadharia
Mfaransa Jean-Philippe Rameau, aliyechapisha risala yake kuhusu hamonia mwaka 1722, aliitafuta asili ya kanuni hizi katika maumbile. Baadaye alisisitiza kwamba uzi unaotetemeka hutoa sauti ya msingi pamoja na nyingine hafifu, na miongoni mwazo mna do, so na mi. Hoja hii inaueleza vyema mseto wa meja. Hata hivyo, inayumba ifikapo kwenye mseto wa maina, kwani noti yake ya kati haimo miongoni mwa sauti hizo za mwanzo.

Mbelgiji François-Joseph Fétis, katika kitabu chake cha 1844, alishikilia kwamba tonaliti hutokana na akili na mazoea ya watu, wala si fizikia ya uzi. Kwa hoja hiyo alifungua mlango wa kukubali kwamba kila jamii ina mpangilio wake. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, katika maandishi ya miaka ya 1860, aliwapanga watu kwa madaraja ya rangi na kuwaweka Wazungu juu.

Utafiti wa karibuni umeupa mjadala huu ushahidi. Mwaka 1982, Carol Krumhansl na Edward Kessler walionyesha kwamba wasikilizaji waliozoea muziki wa Magharibi huiona toniki kuwa noti inayoafiki zaidi. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu Watsimane wa Bolivia ulibaini kwamba wao hupendezwa sawasawa na miseto ambayo Wamagharibi huiita tamu na ile wanayoiita kali.

Hitimisho
Ni dhahiri basi kwamba maumbile hutoa malighafi, nayo jamii hujenga nyumba. Ikumbukwe kuwa kanuni ya jamii si ya uongo: ngeli za Kiswahili si sheria ya maumbile, lakini mzungumzaji asikiapo 'kitabu yangu' hushtuka papo hapo. Hatari ni kuchukua kanuni za jamii moja na kuzifanya mizani ya nyingine. Kumsahihisha mpiga nyatiti kwa kipimo cha piano ni sawa na kuzichambua ngeli zetu kwa jinsia za Kilatini. Tuisome tonaliti kwa bidii, lakini tuisome kama sarufi mojawapo miongoni mwa nyingi.